Nimefika kwenye kanisa la magogo Greensted, Essex. Mafundi njooni huku

Fundi_Randa

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Mimi ni seremala. Nimezaliwa Pangani, baba na babu wote mafundi majahazi, na huu ni mwaka wa tisa niko London mashariki nagonga misumari kwenye nyumba za watu. Nayasema haya mapema ili msije mkanilaumu huko chini: uzi ni wa kanisa na makaburi yake, lakini mtakutana na mbao nyingi kuliko mahubiri.

Kazini kuna mzee mmoja Mwingereza, fundi wa siku nyingi, maneno yake ya kuhesabu. Juzi kati tulikuwa tunabandua fremu ya dirisha ambayo haijamaliza hata miaka ishirini, chini imeoza yote, ukiigusa inamegeka kama muhogo uliochacha. Nikawa nalalamika. Mzee akaniuliza kama nimewahi kufika Greensted. Nikamwambia sijawahi hata kulisikia. Akasema, "Nenda kwanza, ukirudi ndipo tuongee habari za kuoza."

Basi Jumamosi nikapanda Central Line mpaka mwisho wake, Epping. Zamani treni iliendelea hadi Ongar, kipande hicho kikafungwa mwaka 1994, kwa hiyo kutoka hapo ni basi. Ukishuka Ongar unashika njia ya miguu inayoitwa Essex Way, unatembea kama maili moja hivi kati ya miti na mashamba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa kule ni mfinyanzi, kila hatua unabeba kilo.

Mahali panaitwa Greensted-juxta-Ongar. Hilo juxta ni Kilatini, maana yake kando ya. Kanisa ni la Mtakatifu Andrea. Nilipoliona nilidhani nimekosea njia, maana ni dogo mno. Unaona kamnara ka mbao keupe kenye kilele chembamba, halafu paa kubwa la vigae, na kanisa lenyewe limejificha chini ya paa kama kuku aliyeatamia.

Nikasogea ukutani. Wakuu, ukuta wote wa sehemu wanayokaa waumini ni magogo ya mwaloni yaliyosimamishwa wima, moja ubavuni mwa jingine, kama ua wa boma. Yako 51. Kila moja limepasuliwa: upande wa duara umetazama nje, upande bapa umetazama ndani. Yamesimama tangu karne ya 11. Ubavuni mwa kila gogo umechimbwa mfereji kutoka juu hadi chini, na kati ya gogo na gogo kimepitishwa kibao chembamba kinachoingia kwenye mifereji yote miwili, upepo usipite. Ulimi na mfereji! Na mimi nilidhani ni mambo ya mashine za kiwandani.

Ndani kuna giza la kutosha. Madirisha yaliyopo sasa kwenye paa ni ya karne ya 19. Mwanzoni hapakuwa na dirisha, ila matundu madogo tu ya kuingizia mwanga. Kwenye mbao kuna alama nyeusi za kuungua, wenyewe wanasema ni za taa zilizokuwa zikitundikwa. Na ule upande bapa bado una makovu ya chombo cha fundi. Hakuna randa iliyopita pale. Nikapitisha kiganja taratibu, nikiangalia nyuma nisije nikaonekana kibaka.

Nitaendelea na makaburi, ngoja nile kwanza.

Kabwela_Mbagala

Maelezo yote hayo na picha hakuna? Mkuu unatufanyia uhuni.

Fundi_Randa

Simu ilizima chaji nikiwa bado Ongar. Najua hamtaniamini.

Kahama_Dhahabu

Picha hata sizitaki, mimi nina swali la msingi. Magogo wima ardhini miaka karibu elfu? Mimi nguzo za banda la mbuzi nimechimbia Januari, kufika Agosti mchwa wamemaliza nguzo wakahamia kwenye kamba. Hii ni chai, tena ya maziwa.

Fundi_Randa

@Kahama_Dhahabu una haki ya kukataa, hata mimi lilikuwa swali langu la kwanza. Nikupe kwa utaratibu.

Uingereza hakuna mchwa kama wetu. Adui wa mbao zao ni dumuzi na unyevu. Halafu mwaloni si mti wa mchezo. Kiini chake kimejaa tanini, dawa ile ile waliyokuwa wakiitoa kwenye magome yake kulainishia ngozi. Wadudu hawaipendi. Ukiuchana ungali mbichi unakubali shoka vizuri, ukikauka unakuwa chuma. Mafundi wa enzi zile hawakuwa wakipasua magogo kwa msumeno, walitumia kabari na shoka. Gogo linapasuka lenyewe likifuata nyuzi zake, kwa hiyo nyuzi hazikatwi na maji hayapati mlango. Sisi tunachana kwa msumeno, tunakata nyuzi hovyo, kisha tunapaka rangi na kuomba Mungu.

Lakini jibu lenyewe hasa liko chini kabisa. Magogo hayo hayagusi udongo tena. Mwaka 1848 walilikuta kanisa miguu yake imeoza. Wakakata sehemu yote mbovu ya kila gogo, wakajenga msingi wa matofali, wakalaza boriti juu yake, na magogo yakasimamishwa juu ya boriti. Ukichuchumaa unaiona mistari yote: tofali, boriti, gogo. Yaani yaliyokuwa ardhini yaliliwa kama ya kwako, tofauti ni kwamba mtu alikuja na msumeno kabla hayajaisha.

Nilichuchumaa pale muda mrefu mpaka mama mmoja aliyekuwa akipanga maua akaja kuniuliza kama najisikia vizuri.

Mwl_Mstaafu

Kijana, uzi mzuri, lakini nikukamate hapo hapo. Umesema miguu ilikatwa 1848. Madirisha ya paa ni ya karne ya 19. Je, paa lenyewe? Na sehemu ya altare? Ukijumlisha vyote, hilo kanisa la karne ya 11 limebaki wapi?

Fundi_Randa

Shikamoo mwalimu. Limebaki ukutani, na si ukuta wote.

Paa la kwanza inaaminika lilikuwa la nyasi, leo ni vigae. Sehemu ya altare ni ya matofali mekundu, ilijengwa upya karibu mwaka 1500, na chini yake kuna mawe ya gumegume yaliyobaki kutoka ujenzi wa Wanormani, wale wavamizi waliotoka Ufaransa. Mnara wa mbao ulikuja baadaye, na kengele imeandikwa jina la aliyeisubu, William Land, na mwaka 1618. Kwa hiyo ukisimama kwenye nyasi upande wa kusini unatazama vipande vya karne tofauti vilivyoshonwa pamoja, kama kanga iliyotiwa viraka na mtu anayejua kushona.

Lakini mwalimu, kwetu Pangani kuna jahazi lilikuwa likipandishwa ufukweni kila mwaka kukalafatiwa na kubadilishwa mbao zilizochoka. Nimekua nikimwona babu anatoa ubao, anaweka ubao. Hakuna aliyewahi kuliita jahazi jipya. Lingeitwa bovu siku ambayo babu angeacha kulipandisha.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Hoja ya babu nimeipokea, ingawa mtihani wa historia ingepata nusu. Sasa nieleze wamejuaje ni karne ya 11, maana vitabu vya zamani niliwahi kuona vimeandika mwaka 845.

Fundi_Randa

Hapo ndipo nilipopenda zaidi.

Ni kweli, 845 iliandikwa sana kuanzia miaka ya 1960. Baadaye, mwaka 1995, wakapima upya kwa kuhesabu pete za mti. Mti wa nchi za baridi unaweka pete moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua nzuri, nyembamba mwaka wa ukame. Mpangilio wa pana na nyembamba ni kama alama za vidole: unaufananisha na mbao nyingine ambazo miaka yake inajulikana, unapata mwaka wa kila pete. Pete ya mwisho ya kiini waliyoipata ni ya 1053.

Sasa msikilize kama mafundi. Nje ya kiini mti una ule ubao mweupe laini, ambao ndio wa kwanza kuliwa na wadudu, na kwenye magogo haya ulishaondoka. Mwaloni wa Uingereza huwa na pete kati ya 10 na 55 kwenye ule ubao mweupe. Kwa hiyo unachukua 1053, unaongeza 10 mpaka 55, unapata miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Zaidi ya hapo mti hausemi.

Wanormani waliivamia Uingereza 1066. Kwa hiyo hata hatujui kama aliyeshika shoka alikuwa na mfalme wa Kisaksoni, yaani wa watawala waliotangulia, au tayari ana bwana mpya anayeongea Kifaransa. Fundi yeye naona aliendelea kupasua tu, kazi ilikuwa imeshakubaliwa bei.

Mtu_wa_Dimbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hiyo miaka yako imenigusa. Mimi ni wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, na pale kwetu pana msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yametaja mwaka 500 Hijria. Kwa Miladia ni 1107. Kwa hivyo huenda fundi wako na fundi wetu walikuwa wanapiga kazi wakati mmoja, mmoja gogo, mwengine tumbawe, na hakuna aliyejua kama mwenzake yupo.

Na hilo la viraka, hata sisi. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na sehemu kubwa unayoiona leo ni ya wakati huo. Mtalii anakuja anaona paa la bati, anageuka, anasema nimedanganywa. Ukimwingiza ndani akaona kibla, ananyamaza. Na watu bado wanasali. Nje pana makaburi ya masharifu.

Fundi_Randa

Waalaykum salaam sheikh. Umenipiga na kitu kizito. 1107 iko ndani ya miaka yangu kabisa, imebaki mmoja tu tutoke! Na nyinyi mmeshinda, kwenu aliyejenga aliandika tarehe, sisi tunahesabu pete kama mganga anayesoma viganja.

Kule nako wanasali bado, Jumapili. Nilikuta vitabu vya nyimbo vimepangwa kwenye mabenchi.

Stempu_za_Marehemu_Baba

Subirini kidogo. Greensted-juxta-Ongar? Nimekimbilia kwenye albamu ya marehemu mzee. Ninayo! Stempu ya Uingereza, mwaka 1972, peni 3, ina picha ya kanisa hilo. Ilikuwa seti ya makanisa ya vijijini. Miaka yote nilidhani ni ghala la mahindi.

Kabwela_Mbagala

Angalau mmoja ana picha.

Fundi_Randa

Haya, makaburi.

Kanisa limezungukwa na makaburi pande zote, hakuna ukuta wa kutenganisha wanaosali na waliolala. Unapita katikati yao kwenda mlangoni. Majani yamekatwa lakini si kwa ukali, maua ya porini yameachwa yaote. Mawe yamepinda, moja limeegemea mbele, jingine nyuma, kama wazee waliosinzia kwenye mkutano wa kijiji. Mengi maandishi yameliwa na mvua. Unaona herufi tatu, unaona nusu ya mwaka, kisha hakuna. Juu ya mawe kuna madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa, viumbe hai hivyo, vinakua taratibu mno.

Karibu na mlango kuna jiwe moja limelala chini, la karne ya 12. Linasemekana ni kaburi la mpiganaji wa Vita vya Msalaba, na simulizi ya pale inasema alikuwa mpiga upinde. Halina jina.

Sista_Nyasa

Kaka Fundi hongera kwa safari. Swali: kanisa lina miaka karibu elfu, je, makaburi ya miaka elfu yako wapi? Maana umetaja moja tu la karne ya 12, na mengine unasema unaona mwaka. Na kwa nini hawayasafishi hayo mawe? Kwetu Peramiho tukifika Novemba, siku ya marehemu wote, kila mtu na jembe na ndoo, kaburi linang'aa.

Fundi_Randa

Dada, yako hapo hapo, chini ya miguu. Mkulima wa karne ya 13 hakuwekewa jiwe. Pengine msalaba wa mti, ukioza umeoza. Mawe ya watu wa kawaida yalianza kuenea karne ya 17, na kabla ya hapo jiwe lilikuwa la mwenye cheo au mwenye shamba, tena wengi wao walizikwa ndani ya kanisa. Eneo ni dogo, kijiji kimezika hapo karne baada ya karne, kwa hiyo kaburi lilichimbwa juu ya kaburi. Makanisa mengi ya zamani huko vijijini utaona ardhi ya makaburi imeinuka kuliko njia ya kuingilia. Ni watu hao.

Kuhusu kusafisha, na mimi mkono uliniwasha. Lakini watunzaji wa makaburi ya zamani wanakataza brashi ya waya na dawa za kung'arisha, kwa sababu jiwe likishachoka, ngozi ya juu inatoka pamoja na uchafu, na maandishi yanaondoka nayo. Jiwe lenye madoa linasomeka, jiwe lililosuguliwa ni jeupe na halina mtu.

Mwl_Mstaafu

Niongeze kwa Sista. Mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry VIII, parokia zote za Uingereza ziliamriwa kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko kwenye kitabu. Kwa hiyo kuanzia hapo maskini anaanza kuwa na jina, hata kama hana jiwe. Kabla ya hapo anakuwemo kwenye karatasi kama alidaiwa kodi au alishtakiwa.

Mtu_wa_Dimbani

Huyo mpiga upinde hapo mlangoni, kama simulizi ni kweli, alifunga safari kwenda kupigana na Waislamu. Nasema tu, si kwa ugomvi, ameshakuwa mchanga. Ila imenijia nimuulize Fundi: ulipita kando yake ukasema nini?

Fundi_Randa

Sheikh, baba yangu Mwislamu, mama yangu Mkristo, kwa hiyo nilisimama pale nikiwa pande zote mbili. Sikusema kitu. Niliangalia jiwe lilivyochongwa, nikaona limekatwa pembeni kwa mshazari, jembamba kuelekea miguuni. Kazi safi. Sikujua hata nimwombee kwa ipi, nikamwinamia tu kidogo kama unavyompita mtu mzima amekaa kibarazani.

Kitu kimoja nilichokiona: makaburi yao wanalaza kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo mtu akiinuka awe anatazama mashariki. Ndiyo maana mawe mengi yamepangwa mstari mmoja ingawa yamepinda.

Mtu_wa_Dimbani

Sisi maiti tunamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa Unguja kibla ni kaskazini. Kila mtu kaelekezwa anapopangojea.

Dada_Leicester

Jamani mimi naishi huku na sijawahi kulisikia. Fundi, pana kiingilio? Mtoto wa miaka sita anaweza? Na wewe mweusi peke yako unazunguka makaburini Essex hukusumbuliwa?

Fundi_Randa

Dada, hakuna kiingilio, kuna kisanduku cha sadaka. Mimi nilikuta mlango uko wazi mchana. Mtoto anaweza, ila mvalishe mabuti ya mvua, nimekwambia udongo ule.

Kusumbuliwa hapana. Yule mama wa maua alinishangaa kwanza, nikamwambia mimi ni seremala, akaacha maua yake akaanza kunizungusha. Yeye ndiye aliyenionyesha katundu kadogo kwenye ukuta wa magogo. Zamani wageni waliambiwa wakoma walisimama nje wakachungulia ibada kupitia hapo. Wengi siku hizi hawaikubali hadithi hiyo, wanaona palikuwa mahali pa maji ya baraka. Mama alisema watalii wanapenda ya wakoma, na yeye hana moyo wa kuwanyang'anya.

Ndiye pia aliyenisimulia habari za Mtakatifu Edmund, mfalme wa East Anglia aliyeuawa na Wadeni, wavamizi wa kutoka Denmark, mwaka 869. Hadithi inasema walimkata kichwa wakakitupa kichakani, mbwa mwitu akakilinda mpaka watu wake walipokuja kukichukua. Mwaka 1010 mwili wake ulihamishiwa London kuukimbiza Wadeni, na mwaka 1013 ukarudishwa Bury St Edmunds. Njiani ukalazwa usiku mmoja kwenye kanisa la mbao karibu na Ongar. Kwa hiyo magogo yale yamewahi kulala na mfalme.

Kahama_Dhahabu

Ngoja. Umesema miti ilikatwa kuanzia 1063. Mfalme kapita 1013. Kalala kwenye magogo ambayo bado ni miti porini?

Mwl_Mstaafu

Hahaha! Kahama ukae mbele darasani kuanzia leo.

Fundi_Randa

Nimenaswa mchana kweupe. Hesabu zangu mwenyewe zimenigeuka.

Ipo njia moja ya kupita. Mwaka 1960 walichimba chini ya sakafu karibu na altare, wakakuta alama za majengo mawili ya mbao ya zamani zaidi. Kwa hiyo palikuwa na kanisa kabla ya kanisa. Kama mwili ulilala pale, ulilala kwenye lililotangulia. Nafuta sentensi ya magogo kulala na mfalme. Magogo yalikuwa porini, kama alivyosema bwana mbuzi.

Mfanyakazi_Halisi

Mmezungumza wafalme na wapiga upinde, mmewasahau wenye jembe. Greensted ndiko walikopewa mashamba Wafiadini wa Tolpuddle! Niliwasoma nikiwa kwenye chama cha wafanyakazi. Vibarua sita wa mashambani, kijiji cha Tolpuddle huko Dorset. Mshahara ulikuwa shilingi 9 kwa wiki, ukashushwa 8, ukashushwa 7, wakaambiwa unakuja kuwa 6. Wakaunda chama na kula kiapo. Mwaka 1834 wakahukumiwa kwa kosa la kiapo, si kwa chama, maana chama kisheria kiliruhusiwa. Miaka 7 uhamishoni Australia.

London watu waliandamana, sahihi laki nane zikakusanywa, mwaka 1836 wakasamehewa. Walivyorudi, wafuasi wao walichanga pesa wakawakodia mashamba Essex. Fundi, hukuona hata kumbukumbu yao?

Fundi_Randa

Nimeona, na nilikuwa nakuja huko. Mmoja wao, James Brine, alifunga ndoa ndani ya kanisa hilo hilo mwaka 1839 na Elizabeth Standfield, binti wa mwenzake waliyefungwa naye, Thomas Standfield. Hebu fikiria mkwe wako ni mtu mliyepelekwa naye uhamishoni, utamdanganya nini?

Wenye mashamba wa pale hawakuwafurahia, hata kasisi wa parokia aliwapinga. Mashamba walikodishiwa kwa muda tu, na kufikia miaka ya 1840 watano kati ya sita walihamia Kanada na familia zao, karibu na mji unaoitwa London, jimbo la Ontario. Kwa hiyo hutakuta kaburi la Brine Greensted. Aliacha sahihi ya ndoa akaondoka.

Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikawaza harusi hiyo. Magogo yalikuwa bado yana miguu yake mibovu, ni miaka tisa kabla ya msumeno. Bibi harusi pengine aliiona mbao inamomonyoka pale mlangoni.

Sista_Nyasa

Hapo kwenye bibi harusi umenigusa kaka.

Kijana_wa_Shela

Salamu kutoka Lamu. Fundi, huo ukuta urefu wake vipi? Huku nyumba za zamani upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, mti ukikoma chumba kimekoma. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Nataka kujua kama mwaloni nao uliwaamulia.

Fundi_Randa

Swali la fundi hilo. Ukuta ni mfupi, mimi si mrefu na mkono ulifika juu bila kuchuchumia. Sehemu ilikatwa 1848, kwa hiyo zamani ulizidi hapo. Lakini mwaloni unatoa gogo refu kuliko hilo, kwa hiyo sidhani ni mti uliowabana. Nadhani ni mabega. Gogo bichi la mwaloni ni zito mno, na walisimamisha 51 na zaidi bila winchi. Ukishakuwa na watu wa kijiji kimoja tu, urefu wa ukuta ni nguvu ya migongo yao.

Jumatatu nilirudi kazini, yule mzee akaniuliza, "Enhe, kuoza?" Nikamwambia tatizo la fremu yetu si mbao, kizingiti cha chini tulikilaza kwenye zege bila nafasi ya maji kutoka. Akatikisa kichwa akaendelea kunywa chai. Mpya tumeiinua, chini tumeweka mteremko. Mteja kalalamika kwamba tumechelewa siku moja.

Mtu_wa_Dimbani

Ijumaa baada ya sala nitapiga picha kibla na makaburi ya nje, nitaziweka hapa. Na wewe rudi ukapige yako, tuyaweke pamoja, 1107 na hiyo miaka yako.

Fundi_Randa

Sheikh tumekubaliana. Dada wa Leicester amenitumia ujumbe, anakuja na mtoto Jumamosi ya wiki ijayo, nitawapeleka. Nitabeba na chaja.

Kabwela_Mbagala

Beba mbili.